Handaki, Ua wa Stima na Mlima Ambao Mathira Haijausimulia

Ukitoka Karatina ukaelekea mashariki, ukapita Kagochi kilipo Chuo Kikuu cha Karatina, ukaendelea kupanda katikati ya michai, unafika mahali ambapo mashamba yanakatika ghafla na msitu wa Mlima Kenya unaanza. Hapo ndipo penye mpaka. Na mpaka huo umechorwa mara tatu katika uhai wa watu ambao bado tunao hapa Mathira, Kaunti ya Nyeri.

Mara ya kwanza ulichorwa kwa jembe na sururu. Katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakazi wa kando ya mlima kuchimba handaki lililoenea takriban kilomita 80 ukingoni mwa msitu. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, kwa hiyo mzigo uliwaangukia wanawake, wakachimba huku wamesimamiwa na watu wenye bunduki. Kina chake kilikimeza kimo cha mtu, na ndani mlichomekwa mianzi iliyochongwa ncha. Lilikusudiwa kufanya jambo moja: kumzuia mama asimpelekee chakula mwanawe aliyejiunga na wapiganaji wa Mau Mau msituni. Siku hizi mtu anaweza kupita lilipokuwa asijue.

Mara ya pili ulichorwa kwa majani chai, pale serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipoanzisha mashamba ya Nyayo mwaka 1986 kuzunguka misitu ya nyanda za juu, ukiwemo huu wetu, ili mkanda wa chai uwe kizuizi kati ya mkulima na miti. Mara ya tatu ni kwa waya. Mwaka 2012 shirika la Rhino Ark, likishirikiana na Shirika la Wanyamapori (KWS) na Shirika la Misitu (KFS), lilianza kujenga ua wa stima uliopangwa kuuzunguka mlima kwa takriban kilomita 450.

Naanza na mipaka hii kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu Mlima Kenya, redioni, kanisani, kwenye baraza la chifu na hata bungeni, huanzia mpakani na kuishia mpakani. Nani aruhusiwe kuingia? Alipe nini? Akikamatwa atozwe kiasi gani? Ni maswali yenye uzito. Lakini liko swali linaloyatangulia ambalo sisi wa upande huu hatujalishika sawasawa: mlima huu unasimuliwaje, na nani anausimulia?

Niseme mapema kwamba ua wa stima nauunga mkono, tena bila kusitasita. Tembo akipita shambani usiku mmoja hula mahindi, hung'oa migomba, na kile asichokila hukikanyaga. Kabla ya ua, familia za ukingoni mwa msitu zilikesha zikipiga madebe na kuchochea moto, na watoto walifika shuleni wakisinzia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, lakini kati ya sheria na hundi kuna safari ndefu, na wapo waliozeeka wakiisubiri. Wenzetu wa upande wa Nyandarua walikamilisha ua wao wa kilomita 400 hivi mwaka 2009, na mashamba yaliyokuwa yameachwa yakalimwa tena. Tembo naye hupona, kwa kuwa asiyeingia shambani hapigwi mkuki.

Hata hivyo, kuna funzo jingine ambalo ua unampa mtoto anayekua hapa, nalo ni kwamba upande ule si wake. Ajuza aliyechimba handaki akiwa msichana, akizitazama nyaya zile zikifuata ukingo uleule wa msitu, anakumbuka mambo ambayo mhifadhi kijana mwenye shahada hayajui. Kati ya handaki na ua kuna tofauti kubwa: lile lilichimbwa kumwumiza, huu umejengwa kumlinda. Lakini tofauti hiyo haijielezi yenyewe. Lazima mtu aketi naye aieleze, na kabla ya kuieleza, amsikilize.

Kuna jambo jingine linalohitaji kufafanuliwa, maana wengi hulichanganya. Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Kenya, yenye ukubwa wa kilomita 715 za mraba, iko juu, na mwenye dhamana nayo ni KWS. Chini yake kuna mshipi mpana wa msitu wa hifadhi unaosimamiwa na KFS kupitia vituo vyake: Hombe, Ragati, Chehe, Kabaru na vinginevyo. Mwana-Mathira anayekwenda kuokota kuni, kulisha ng'ombe kwa kibali au kutega mizinga humjua afisa wa misitu. Mbuga yenyewe huiona kwa mbali alfajiri, kabla mawingu hayajaifunika. UNESCO ilipoutia mlima katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997 ilivitazama vyote viwili, mbuga na msitu wa asili, kama kitu kimoja. Wazee wetu waliomwomba Ngai wakielekea Kirinyaga, jina letu la mlima huu, hawakuwahi kuvitenganisha.

Mbuga ilitangazwa mwaka 1949. Haikupita hata miaka mitano, ndege za Uingereza aina ya Harvard, na baadaye Lincoln, zikawa zinamwaga mabomu katika misitu ya mlima huu na ya Nyandarua. Tafakari hilo kidogo. Mahali palipotangazwa kuwa patulivu, pa kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi, pakawa uwanja wa vita kabla wino wa tangazo haujapauka. Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, aliongoza wapiganaji wa Mau Mau wa upande wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Aliponea kamba ya mnyongaji, akafungwa Lokitaung pamoja na Jomo Kenyatta, na mwaka 1967 akachapisha kumbukumbu zake. Yeye na wenzake waliishi kwa kuujua msitu: miti yake, asali yake, mapango yake, njia za tembo na nyati. Palikuwa na elimu ya mbuga pale ambayo hakuna chuo kilichoifundisha.

Nayo marufuku waliyowekewa Mau Mau na wakoloni ilibaki katika sheria za Kenya hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Haishangazi basi kwamba kwa muda huo wote mlima ulisimuliwa kana kwamba hawakuwahi kuukanyaga.

Badala yake tunasimuliwa nini? Kitabu cha kumwongoza mpanda mlima kitakwambia kwamba Halford Mackinder alifika kilele cha Batian, mita 5,199, tarehe 13 Septemba 1899, akiwa na César Ollier na Joseph Brocherel. Kitakwambia kwamba Eric Shipton na Percy Wyn-Harris walikifikia Nelion mwaka 1929. Kitakupa kisa cha Felice Benuzzi, Mwitaliano aliyetoroka kambi ya wafungwa wa vita ya Nanyuki mwaka 1943 pamoja na wenzake wawili, wakaupanda mlima kwa vifaa walivyojitengenezea, kisha wakarudi kambini wenyewe. Ni visa vizuri, na cha Benuzzi hasa hakichoshi. Sitaki kimoja kati ya hivyo kifutwe.

Ninachotaka ni viongezwe vilivyoachwa. Msafara wa Mackinder ulikuwa na watu zaidi ya mia moja waliobeba mizigo, Waswahili wa pwani na Wakikuyu. Wako wapi? Bonde la juu linaitwa Teleki, jingine Höhnel. Barafu zinaitwa Lewis, Tyndall, Gregory. Kambi ni za Mackinder na Shipton. Vilele vikuu vina majina ya maloiboni wa Kimaasai, Mbatian, Nelieng na Olonana, na aliyewapa heshima hiyo ni Mackinder mwenyewe. Katika ramani ya sehemu za juu ni nadra mtu wa Mathira kumkuta babu yake. Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera ya Kenya katika kilele cha Lenana, mita 4,985, usiku wa Uhuru wa Desemba 1963, tunamkumbuka kila Jamhuri kwa sentensi moja, kisha basi.

Haya yana matokeo ya mkononi, ya mfukoni hata. Siku hizi, jioni za Ijumaa na alfajiri za Jumamosi, mabasi na matatu zilizojaa vijana wa Nairobi hupita Karatina zikielekea mlimani. Nafurahi sana kuwaona. Kwa miaka mingi kupanda mlima kulihesabiwa kuwa jambo la Wazungu, na vijana hawa wamelivunja wazo hilo kwa miguu yao wenyewe. Lakini njia tatu zinazojulikana zaidi ni Naro Moru, Sirimon na Chogoria, na hakuna hata moja inayoanzia Mathira. Vijana hununua ndizi na mahindi ya kuchoma mjini, wanakwenda zao. Karatina kwao ni kituo cha njiani. Hakuna anayewaambia kwamba wakikata kona kulia watafika ukingo wa msitu ambapo nusu ya historia ya nchi hii ilipitia.

Mjadala wa umma nao unakwenda vivyo hivyo, unapita bila kusimama. Septemba 2022, aliyekuwa Naibu wa Rais, Rigathi Gachagua, mwenyewe mwana wa Mathira na mbunge wake wa zamani, alitamka kwamba wakulima wataruhusiwa kurudi kulima msituni. Nchi nzima ilitokota. Mfumo wa shamba si mgeni hapa. Sehemu ya msitu wa kupandwa ikishavunwa, familia hugawiwa vipande, hulima viazi, karoti na njegere katikati ya miche ya saiprasi au misonobari, huipalilia miche hiyo, na baada ya miaka mitatu hivi kivuli kikitanda huondoka. Ukisimamiwa vizuri, Serikali inapata miti iliyopaliliwa bila malipo na mkulima anapata chakula. Ukisimamiwa vibaya, miche hudumaa kwa siri, kwa kuwa mti ukikua shamba limekwisha, na jembe hujisogeza taratibu hadi kwenye miti ya asili. Wangari Maathai aliupinga mfumo huo kwa nguvu, na alikuwa na sababu.

Niliyafuatilia mabishano ya wiki zile kwa uchungu. Waliotetea walizungumzia viazi. Waliopinga walizungumzia asilimia ya misitu nchini. Msitu wenyewe, wa Hombe, wa Ragati, wenye majina na maji na wafu wake, haukutajwa. Mwaka 2025 KWS ilipokusanya maoni ya umma kuhusu ada mpya za kuingia mbugani, ada ambazo hazikuwa zimepitiwa upya tangu 2007, swali lilikuwa ni shilingi ngapi. Halikuwa: mwananchi akishalipa, atafunguliwa nini akione? Na ile barabara ya kutoka Ihithe hadi Ndunyu Njeru inayopita ndani ya msitu na mbuga ya Aberdare, yaani Nyandarua, Mamlaka ya Mazingira (NEMA) iliwahi kuikataa, baadaye ikaipa idhini, na suala likafika mbele ya mahakama mjini Nyeri. Wakazi wa pande zote mbili wana haki ya kutaka barabara. Wahifadhi wana haki ya kuogopa. Lakini wengi wanaoibishania hawajawahi kuingia katika msitu ule, na si kosa lao, hakuna aliyewakaribisha.

Ihithe ndiko alikozaliwa Wangari Maathai. Katika kitabu cha maisha yake anasimulia jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao, kwa kuwa ule ulikuwa mti wa Mungu, na jinsi baadaye alivyokuja kuelewa kwamba mizizi ya mugumo huo ilishika udongo wa mteremko na kufungulia maji ya kijito. Mama yule hakuwa na beji wala sare ya kaki, lakini alichokifanya ndicho hasa kinachopaswa kufanywa mbugani. Alimpa mtoto sababu ya kuuheshimu mti, kwa lugha ya nyumbani, akiwa amesimama penye mti wenyewe. Mtoto akakua, akaanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobeli ya Amani.

Wapo watakaosema masimulizi hayazuii msumeno. Watanikumbusha 1999, KWS iliporuka kwa ndege juu ya mlima na kuhesabu maangamizi: maelfu ya miti ya asili iliyokatwa, muthaiti ikiongoza, tanuri za makaa, mashamba ya bangi ndani kabisa ya msitu. Ripoti ile iliitikisa Serikali. Mwaka uliofuata msitu ulitangazwa kuwa hifadhi ya kitaifa, doria zikaongezwa, na uchunguzi uliofuata miaka michache baadaye ukaonyesha nafuu kubwa. Nguvu ilisaidia, sikatai. Lakini tujiulize nani alikuwa akiikata miti ile. Wenye malori walitoka mbali, ila walioshika misumeno na waliowaonyesha njia usiku walikuwa majirani zetu, watu ambao bibi zao waliujua muthaiti kwa jina. Kati ya bibi na mjukuu kuna kitu kilikatika kabla ya mti kukatika.

Cha kusimulia hakikosekani. Chukua mti wa muiri. Magome yake huuzwa nchi za nje kutengenezea dawa ya tezi dume, na biashara hiyo ilipovuka mipaka mti ukawekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa kimataifa wa CITES. Hapa kwetu waganga waliujua kabla ya mkataba wowote. Chukua maji. Mto Ragati unaungana na Sagana, Sagana unakuwa Tana, na Tana unazungusha mitambo ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mito Thiba na Nyamindi ya upande wa Kirinyaga inanywesha mpunga wa Mwea. Kabeji na karoti zinazolijaza soko la Karatina, soko linalotajwa miongoni mwa makubwa zaidi ya wazi katika eneo hili la Afrika, ni maji ya mlima yaliyogeuka mboga. Hata Waingereza walilijua hilo: wakati wa Vita vya Pili vya Dunia walijenga hapa kiwanda cha kukausha mboga ili kulisha wanajeshi, na vita vilipokwisha wakakifunga, wakaacha manung'uniko ambayo wanahistoria wameyaandika.

Mifano ya watu kusimulia hifadhi yao wenyewe ipo karibu. Kusini-magharibi mwa Uganda, Wabatwa walitolewa katika misitu yao mwaka 1991 ilipofanywa mbuga. Leo katika Mbuga ya Mgahinga kuna njia ambayo Wabatwa wenyewe huwaongoza wageni, wakiwaonyesha walivyowasha moto, walivyorina asali, na pango la Garama lililokuwa la wakuu wao. Sidai kwamba njia hiyo imewarudishia haki. Kumwongoza mgeni katika nyumba uliyofukuzwa ni jambo zito kulibeba. Lakini mgeni anayetoka pale anajua kwamba msitu ule ulikuwa na wenyewe, na wageni wa kwetu hawalijui hilo kuhusu Hombe.

Sheria tunayo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inavipa vyama vya misitu vya jamii haki mbalimbali, na wengi wetu tumezisoma nusu. Tunajua za kuni, malisho na asali. Katika orodha hiyohiyo kuna utalii unaojali mazingira, burudani, elimu na utafiti. Yaani chama cha msitu cha hapa Mathira kinaweza kukaa na KFS wakakubaliana kufungua njia ya kutembea, kuwafunza waelekezi vijana, kutoza ada ndogo, na kugawana mapato. Wageni wa Ijumaa jioni, badala ya kununua ndizi tu, wangelala Karatina usiku mmoja, asubuhi wakatembea ukingoni mwa msitu na mtu aliyezaliwa hapo, akiwaeleza kwa Kiswahili kilichonyooka, na wanafunzi wetu akiwaeleza kwa Kikuyu. Chuo kikuu kiko Kagochi, mlangoni kabisa mwa msitu, na kinafundisha masomo ya mazingira na maliasili. Sioni kinachokosekana isipokuwa mtu wa kuitisha mkutano wa kwanza.

Nao wakati haupo upande wetu. Barafu ya Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote mlimani, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zilizobaki za Afrika katika maeneo ya Urithi wa Dunia, za Kilimanjaro na Mlima Kenya zikiwemo, zinatarajiwa kutoweka kufikia 2050. Barafu hiyo hatuwezi kuirudisha sisi wa Mathira. Lakini kuna kitu kingine kinachoyeyuka ambacho kuokolewa kwake kumo katika uwezo wetu kabisa. Msichana aliyekuwa na miaka 15 alipopewa jembe kwenda kuchimba handaki sasa amepita miaka 85. Anajua lilipoanzia na lilipokatisha mto. Anajua nani aliangukia ndani. Anajua chakula kilivyovushwa hata hivyo, usiku, chini ya pua za walinzi.

Kazi ya mwaka huu, kwa hiyo, ni kumkalisha chini mama huyo na wenzake wachache waliosalia, kijiji kwa kijiji, kuanzia vilivyo karibu na Hombe na Ragati, na kurekodi sauti zao. Serikali ya Kaunti ya Nyeri ina idara ya utalii na utamaduni. Chuo kina wanafunzi wenye simu za kurekodi na miguu ya kutembea. Parokia na makanisa yanajua kila nyanya anaishi wapi. Kisha kitafutwe kipande kimoja cha handaki, hata mita 50 tu, kifukuliwe kwa idhini ya KFS na wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kiwekewe kibao chenye maelezo ya lugha mbili, Kikuyu na Kiswahili, karibu na lango la ua wa stima. Siku ya kukifungua, wageni wa kwanza kuongozwa wawe watoto wa shule za Mathira, na mwongozaji wao awe mmoja wa waliokichimba.